Shahidi si mdhamini: lugha ya karatasi na mali ya jamaa zetu Garissa

Jioni moja katika likizo ya Desemba, miaka kadhaa iliyopita, mjomba wangu alinijia nyumbani Garissa akiwa na bahasha mkononi. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja, *abti*, mkubwa akamwita mdogo vivyo hivyo kama mdogo anavyomwita mkubwa. "Abti," akaniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Nisomee barua hii. Imeandikwa kwa Kiingereza, na kijana aliyeileta alikuwa na haraka."

Nilimsomea. Barua ilitoka kwa shirika moja la kukopesha fedha ambalo sitalitaja jina. Ilieleza kwamba mwana wa rafiki yake ameshindwa kulipa mkopo aliouchukua kwa ajili ya duka, na kwa kuwa mjomba ndiye mdhamini wake, anatakiwa alipe shilingi laki mbili na elfu arobaini, riba ikiwa imo, katika muda wa siku 14. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi si mdhamini. Mimi ni shahidi. Karani aliniambia niweke kidole kama shahidi."

Siku ya pili tulikwenda kuitazama karatasi yenyewe. Alama ya kidole chake gumba ilikuwapo, nyeusi na wazi, chini ya neno la Kiingereza lenye maana ya mdhamini. Hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili wala la Kisomali katika kurasa zote nne. Mwishowe mzee aliwapeleka ng'ombe wake sokoni katikati ya kiangazi, bei ikiwa imeanguka, akalipa deni la mtu mwingine. Jioni ile tuliporudi kutoka sokoni aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Lau wangetamka *damiin*, ningeuliza kwanza kijana yule ana nini. Neno hilo nalijua tangu utotoni."

Nimefundisha isimu chuoni kwa miaka mingi, na nimewaeleza wanafunzi wengi tofauti ya maana kati ya neno na neno. Lakini sikuwahi kuona tofauti hiyo ikihesabiwa kwa vichwa vya ng'ombe. Ndiyo sababu ninawaandikia leo walimu na wanafunzi, hasa wale wa Garissa, Wajir na Mandera, kwa kuwa wao ndio wanaoitwa kila siku na wazazi na majirani kusoma karatasi za namna hii. Dai langu ni moja. Familia nyingi za sehemu zetu hupoteza mali si kwa kukosa sheria ya kuzilinda, bali kwa sababu sheria hiyo huwafikia katika lugha wasiyoielewa, ilhali lugha ya kuwaeleza ipo na maneno yake wanayajua.

Hebu tuanze na maneno hayo mawili yaliyomponza mjomba. Shahidi ni mtu anayethibitisha kwamba aliona jambo likitendeka. Akiitwa mahakamani atasema aliyoyaona, kisha atarudi kwake. Mdhamini ni mtu anayeahidi kwamba mdeni asipolipa, yeye atalipa. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwenzake isipokuwa ahadi hiyo, au kumbukumbu yake, iwe imeandikwa na kutiwa saini. Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo, alama ya mtu asiyejua kuandika ni saini kamili. Yaani sheria ilitaka maandishi ili kumlinda mdhamini asije akasingiziwa ahadi ya mdomo. Lakini kwa mtu asiyesoma, ngao hiyo imegeuka kuwa mkuki.

Kuna watakaosema kwamba mzee angeweza kwenda mahakamani akaeleza kuwa alidanganywa kuhusu karatasi aliyoiwekea kidole. Ni kweli, mahakama huusikiliza utetezi huo, lakini huukubali kwa nadra na kwa masharti magumu. Anayedai kwamba hakuelewa alichokitia saini ndiye anayetakiwa kuthibitisha, tena aonyeshe kuwa hakuzembea. Gharama za wakili na safari za kwenda na kurudi zaweza kuwala ng'ombe wengine. Afadhali kuuliza kabla ya wino kukauka.

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili linawahusu wazee wasiosoma peke yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapojaza fomu za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutakiwa kuonyesha wadhamini. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wamempelekea ami au jirani fomu ile na kumwambia, "Weka saini hapa, ni ya shule tu"? Je, hilo si lile lile alilofanya karani yule? Mwanafunzi asiyemweleza mdhamini wake maana ya dhamana amemfunga mtu aliyemtendea wema.

Na walimu nao? Katika vyumba vya walimu fomu za Sacco huzunguka kama kikombe cha chai. Mwalimu mmoja humdhamini mwenzake, mwenzake humdhamini wa tatu, na hakuna anayeuliza. Mwenzake akihama, akiachishwa kazi au akifa, makato huanza kuonekana katika hati yake ya mshahara, naye huhamaki kana kwamba ameibiwa. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Mdhamini hulipa matanga ya arusi ambayo hata hakualikwa.

Hapa yafaa tutaje kwa ufupi ngao mbili ambazo kila mwalimu anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inayosema kwamba makato yote ya mshahara kwa pamoja yasizidi thuluthi mbili ya mshahara huo. Thuluthi moja ni lazima ibaki mkononi mwa mfanyakazi. Ya pili ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007. Kinaeleza kwamba mkopo ukishaacha kulipwa ipasavyo, riba ambayo benki yaweza kudai tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha deni la asili kilichokuwa kimebaki. Mtu aliyebakisha shilingi laki moja hawezi kudaiwa riba ya laki tatu juu yake. Ni wangapi wamelipa zaidi ya hapo kwa kutojua?

Tugeukie sasa jozi ya pili ya maneno, ambayo huwaumiza zaidi wajane na mayatima: mrithi na msimamizi wa mirathi. Mtu anapofariki, mahakama humteua mmoja au zaidi wa jamaa zake kuwa msimamizi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wenye haki. Yeye ni mchunga, si mwenye mifugo. Hata hivyo, mara ngapi tumemsikia kaka wa marehemu akisema, "Mahakama imenipa mali ya ndugu yangu"? Karatasi anayoishika haikumpa mali. Imempa kazi, na kazi hiyo ina hesabu anayoweza kudaiwa na warithi wote. Vilevile, mjane anapotia kidole katika fomu ya kukubali shemeji yake awe msimamizi, hajaacha fungu lake. Amekubali tu ni nani atakayeligawa. Asipoelezwa tofauti hiyo ataogopa kudai, na watoto watakuwa wakubwa bila kuona hata mbuzi mmoja wa baba yao.

Kuhusu mirathi, watu wa kwetu wana njia iliyo wazi kuliko wanavyodhani. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilipoanza kutumika mwaka 1981, ilikusudiwa kuwahusu Wakenya wote. Waislamu waliilalamikia kwa muda wa miaka mingi, na mwaka 1990 Bunge likaibadilisha ili mali ya Muislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele ya kadhi. Kwa hiyo mjane wa Balambala au Masalani hana sababu ya kuachiwa baraza la wanaume wa ukoo peke yao wamgawie wanavyotaka. Kuna mahakama, na kuna mafungu yaliyowekwa.

Nao walimu wa hesabu waniruhusu niingie shambani mwao. Kiswahili kinayo majina ya sehemu za namba: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Haya sita, yote yenye asili ya Kiarabu, ndiyo mafungu sita ya mirathi yaliyotajwa katika Kurani. Mke aliyefiwa na mume mwenye mtoto hupata thumuni. Asipokuwapo mtoto, hupata robo. Mama wa marehemu mwenye watoto hupata sudusi. Marehemu akiacha wasia, wasia huo hauvuki thuluthi ya mali, na haufanyi kazi ila baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa. Mwalimu anayewafundisha watoto wa darasa la tano kwamba thumuni ni moja juu ya nane amemfundisha msichana fungu lake la siku atakapofiwa na mumewe, ingawa hakulifikiria hilo. Kwa nini basi mifano ya hesabu zetu iwe ya kugawa keki?

Jozi ya tatu ni barua na hati. Katika mji wa Garissa, kama katika miji mingi ya kaskazini, wengi wamejenga nyumba juu ya viwanja ambavyo ushahidi wake ni barua ya mgao iliyotolewa na iliyokuwa halmashauri. Barua hizo huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani kana kwamba ni hati za kumiliki ardhi. Mwezi wa Septemba 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilieleza waziwazi kwamba barua ya mgao haimpi mtu umiliki wa ardhi. Ni ahadi ya kupewa, nayo ina masharti: kulipa ada zilizotajwa, katika muda uliotajwa, kisha kusajiliwa. Anayenunua barua hanunui kiwanja. Amenunua matumaini ya mwenzake, na huenda mwenzake aliyauza matumaini hayohayo kwa watu watatu.

Nje ya miji mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya ardhi ya malisho ya kaskazini mashariki ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kwamba hadi jamii itakapojisajili, serikali ya kaunti huishika ardhi hiyo kwa amana tu, kwa niaba ya wenyewe. Jamii ikishasajiliwa, uamuzi wa kuiuza au kuitoa ardhi hauna nguvu isipokuwa umeungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Wazee watano waliokutana hotelini na mwekezaji hawatoshi. Lakini ni nani aliyewasomea wafugaji wa Fafi au Lagdera kifungu hicho katika lugha wanayoisikia?

Nimetaja kidole mara nyingi, na sina budi kutaja kisa kilichowapata maelfu ya watu wa Garissa na majirani zao. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Katika miaka ya ukame, familia za Wakenya zilizopoteza mifugo zilikwenda kambini kutafuta chakula na matibabu. Wazazi waliandikisha watoto wao, watoto wakaweka vidole. Hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwamba kidole hicho kimeandikwa katika daftari la wakimbizi, na kwamba daftari hilo litatunzwa. Watoto wale walipofikia umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine iliwajibu kuwa wao ni wakimbizi. Bila kitambulisho mtu hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na hawezi kusajiliwa kuwa mmiliki wa kiwanja alichorithi kwa baba yake. Mgao wa unga wa miaka hiyo uligharimu uraia wa kijana.

Baadhi ya wenzetu wa sehemu nyingine za nchi huuliza kwa nini watu wa kaskazini huogopa maofisi. Jibu limo katika historia. Tangu sheria ya mwaka 1902 iliyozifunga wilaya za mpakani, mtu wa huko alihitaji kibali cha kuingia na kutoka. Mara tu baada ya uhuru, mwezi wa Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa, na sheria zake maalumu hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Mwezi wa Novemba 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kwenda kukaguliwa na kupewa kadi ya pili juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kwa vizazi vitatu karatasi ilikuwa kitu cha kumuuliza mtu "wewe ni nani?" Haikuwa kitu cha kumwambia "hii ni haki yako." Mtu aliyelelewa hivyo, akiambiwa "weka kidole hapa," huweka haraka ili aachwe aende zake.

Lakini itakuwa kosa kusema kwamba watu hawa ni maadui wa maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu uandishi wa madeni. Mafunzo yake kwa ufupi ni kwamba deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na anayedaiwa ndiye atoe imla. Kama yeye hawezi, msimamizi wake amtolee. Waalimu wa lugha watalipenda neno hilo, imla. Mdeni ndiye anayesema, na mwandishi anaandika asemalo. Katika ofisi zetu mambo yamepinduliwa. Anayekopesha ndiye anayetoa imla, tena kwa lugha yake, na mdeni huonyeshwa tu mahali pa kuweka kidole.

Sheria ya nchi inasemaje kuhusu lugha? Kifungu cha 7 cha Katiba kinatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Haya ni mambo mema. Lakini tazama pengo lililobaki. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba ng'ombe mmoja atapewa mkalimani kwa gharama ya serikali. Mzee mwaminifu anayewekesha rehani ng'ombe wake wote hana mkalimani ila kama mpwa wake yuko likizoni. Je, haki hiyo imenyooka?

Ninajua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza itasema kwamba Kiswahili nacho ni kigeni kwa mfugaji wa Hulugho au wa Elwak, kwa hiyo kutafsiri fomu kwa Kiswahili ni kumtoa kwenye giza moja na kumtia katika jingine. Anayesema hivyo hajasikiliza maneno yenyewe. Mswahili husema deni, Msomali husema *deyn*. Mswahili ana mdhamini, Msomali ana *damiin*. Wakili ni *wakiil*, amana ni *amaano*, riba ni *ribo*, mahari ni *meher*, mahakama ni *maxkamad*. Lugha hizi mbili si za ukoo mmoja. Kiswahili ni Kibantu na Kisomali ni Kikushi. Lakini zote mbili zilichota msamiati wa sheria na biashara katika kisima kimoja cha Kiarabu kwa karne nyingi. Pale yanapotofautiana, kama shahidi, ambaye kwa Kisomali ni *markhaati*, maelezo ya dakika moja yanatosha. Kwa hiyo fomu ya Kiswahili, hata mzee asiposoma mwenyewe, akisomewa tu atayatambua maneno mazito, yaani yale yanayogusa mali yake. Neno la Kiingereza halimpi hata mlango wa kubisha.

Pingamizi ya pili ni ile tuliyoizoea: kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hii ilikwisha kujibiwa na majirani zetu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sisemi kwamba kazi yao imekamilika, kwani kutafsiri sheria zote za nchi ni kazi ya miaka. Lakini kama taifa zima laweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, benki moja ya Garissa haishindwi na fomu ya kurasa nne. Kwetu, kwa mujibu wa kanuni za mashtaka ya jinai, mahakama za chini zaweza kuendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, ilhali Mahakama Kuu lugha yake ni Kiingereza. Mlango uko nusu wazi, nasi tumesimama nje tukiulaumu.

Basi tufanyeje? Nina mapendekezo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, mashirika yote yanayokopesha, yawe benki, Sacco au mengineyo, yaambatanishe kila mkataba na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaojibu maswali matano: nani anakopa, nani anadhamini, kiasi gani kitalipwa kwa jumla, lini, na nini kitatokea kisipolipwa. Asiyesoma asomewe ukurasa huo kwa lugha yake, na msomaji atie jina lake kwamba amesoma. Utaratibu wa namna hii unafahamika tayari katika viapo vya maandishi, ambapo mtu asiyesoma husomewa na kuelezwa kabla ya kuapa. Tunachoomba ni kwamba ng'ombe wapewe heshima ile ile ipewayo kiapo.

Pili, walimu wa Kiswahili waingize karatasi halisi madarasani. Tunawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi na kumbukumbu za mikutano, na hilo ni jema. Lakini mwanafunzi amalizapo kidato cha nne bila kuwahi kusoma mkataba wa mkopo, fomu ya dhamana, barua ya mgao au wasia, tumemfunza kuandika bila kumfunza kusoma yatakayomwangamiza. Mwalimu achukue fomu tupu, aitafsiri pamoja na darasa, kisha awaambie waende nyumbani wawaeleze wazazi wao kwa lugha ya mama. Zoezi hilo litawapa ufahamu, tafsiri na msamiati kwa pamoja, na katika nyumba moja au mbili litaokoa kiwanja.

Tatu, wanafunzi wa vyuo, na hasa wa Chuo Kikuu cha Garissa kilicho katikati ya watu hawa, watumie likizo zao kukaa siku chache karibu na mahakama, sokoni kwa mifugo au kwa chifu, wawasomee watu karatasi zao bila malipo. Wasijifanye mawakili. Wasome tu, watafsiri, na wamwambie mtu mahali pa kupata wakili au kadhi. Kijana anayesomea isimu atajifunza hapo semantiki ambayo sina uwezo wa kumfundisha ubaoni.

Nne, kila nyumba iwe na daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Baba na mama waandike, au wamwandikishe mtoto wao: nani anatudai, tunamdai nani, tumemdhamini nani, kiwanja kina barua au kina hati, akaunti iko wapi, na ni jina la nani lililoandikwa kuwa mpokeaji katika Sacco na katika pensheni. Mwalimu aliyeoa miaka mingi baada ya kuajiriwa, na ambaye fomu yake bado ina jina la nduguye, anamwachia mkewe kesi. Kalamu ya dakika tano yaweza kuizuia.

Mjomba yu hai. Siku hizi kijana yeyote akimletea karatasi ya kuwekea kidole huiweka chini ya mkeka na kumwambia arudi baada ya siku tatu. Katika siku hizo humwita mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, amsomee kwa Kiswahili na kumweleza kwa Kisomali. Msichana huyo alinipigia simu mwezi uliopita kuniuliza tofauti ya mdhamini na mdhaminiwa. Nilimweleza. Akasema, "Basi babu asiweke." Hakuweka.